Mmiliki Namba Kumi na Nne

"Hivi Cecilia, hayo majibu mnayomwandikia waziri, nyie wenyewe mnayaamini?"

Swali hilo Mama Mwanvita, jirani yake wa pale Kihonda, alimuuliza siku moja wakianika nguo uani. Aliuliza kwa utani, huku anakung'uta shuka. Cecilia naye akamjibu kwa utani kwamba kazi yake ni kuandika tu, kuamini ni kazi ya kanisani. Wakacheka mpaka kamba ya nguo ikatikisika.

Mwaka umepita tangu siku ile. Jumanne hii swali limerudi, na halikurudi na kicheko.

Msomaji wangu, tulimwacha Cecilia kwenye chumba cha mafaili, asubuhi na mapema, orodha mkononi, kidole kimeganda kwenye mstari wa kumi na nne. Ilikuwa orodha ya watu thelathini na mmoja wa kijiji cha Kisagati, walioridhia kuhama mita sitini kutoka ukingo wa mto. Kila jina na saini yake kwa wino wa bluu. Na pale kwenye kumi na nne palikuwa pameandikwa: Lukasi Mloka. Mmiliki.

Lukasi Mloka ni baba yake mzazi.

Akafumba macho, akasali Salamu Maria nusu, akafumbua. Jina lilikuwa pale pale.

Kwa aliyejiunga nasi leo, Cecilia ni ofisa wa masuala ya Bunge katika Mamlaka ya Vijito na Chemchemi, hapo hapo mjini Morogoro. Mbunge akiuliza swali Dodoma, swali linateremka wizarani, wizara inalitupa Mamlaka, Mamlaka inalitua mezani kwa Cecilia. Yeye ndiye anayeandika lile "Mheshimiwa Spika, naomba kujibu kama ifuatavyo." Tena ndiye anayebuni maswali ya nyongeza kabla mbunge mwenyewe hajayafikiria. Kwa miaka sita hajawahi kushtukizwa na swali la nyongeza hata moja.

Kwa swali namba 212, lililouliza kama wenye mashamba ya Kisagati wamekubali kuhama, alikuwa ameshaandika: "Wamiliki wote wa maeneo hayo walishirikishwa, na wameridhia kwa hiari yao." Aliandika wiki mbili kabla ya kuiona orodha. Ofisini kwao ndivyo wanavyokwenda, jibu hutangulia na ushahidi hufuata nyuma.

Sasa ushahidi ulikuwa mkononi, na ulikuwa unanuka.

Maana Uluguruni ardhi humfuata mama. Shamba ni la lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mwanamume akioa, analima kwa mkewe, anazaa, anaota mvi, na bado ni mgeni. Lukasi alikuja Kisagati kuoa, akitokea Matombo. Lile shamba lilikuwa la mama yake Cecilia, Mungu amrehemu. Lukasi hakuwahi kumiliki hata tuta moja.

Je, hao wengine thelathini?

Akashusha kidole mstari kwa mstari. Wote alikuwa anawajua. Huyu kamwoa shangazi fulani, yule mume wa fulani, huyu mkwe wa akina fulani. Wote waume za watu. Katika orodha nzima hakuna mwenye ardhi hata mmoja.

Simu ikalia. Mkurugenzi Mansuri.

"Cecilia, gari la Dodoma linaondoka saa tisa mchana, Baraka ndiye anaendesha. Nataka jibu pamoja na orodha yenyewe, ile ya wino. Mheshimiwa mbunge ameshasema nakala kivuli hataki. Kesho saa tatu ataomba orodha iwekwe mezani Bungeni."

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Halafu mkataba wako uko hapa. Naona unaisha mwezi huu. Tukimaliza hili, nausaini."

Akakata. Mansuri hakuwa mtu wa kutisha watu. Alikuwa anataja vitu viwili kimoja baada ya kingine, basi, wewe mwenyewe ukaviunganishe.

Cecilia akairudisha orodha kwenye faili, faili akaliacha mezani kwa mkurugenzi kama alivyoagizwa. Saa ilikuwa mbili na robo. Akachukua mkoba, akatoka, akapungia bodaboda.

Barabara iliishia juu ya Bigwa. Kutoka hapo ni miguu, kijia kinapanda katikati ya migomba na matuta ya kabichi, mto unanguruma upande wa kushoto. Alipofika, viatu vya ofisini vilikuwa vimegeuka rangi.

Baba yake alikuwa kibarazani, anamenya maharage mabichi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo si Jumapili, Cesi. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa. Haya maharage hayajimenyi."

Akakaa. Akavuta ungo, wakawa wanamenya wote wawili kama zamani.

"Baba, ulisaini karatasi ya Mamlaka?"

"Nilisaini mahudhurio. Walikuja vijana wawili wenye vizibao vya njano, wakatuita ofisi ya kijiji, tukanywa soda, tukasaini mahudhurio."

"Kwenye mahudhurio hawaandiki mmiliki."

Mzee akachukua ganda ambalo lilikuwa limeshamenywa, akalipasua tena. Halikuwa na kitu ndani.

"Waliandika wao."

"Walimuuliza nani?"

Kabla mzee hajajibu, mtu alikohoa nyuma ya nyumba. Akatokea Mjomba Gervas, kaka wa marehemu mama, mkubwa wa lukolo, panga kiunoni na fungu la karoti mkononi.

"Nimesikia pikipiki huko chini, nikasema serikali imekuja kumsalimia mmiliki."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karoti zako hizi. Haya, shemeji, mwambie mtoto. Ukishindwa nitasema mimi, na mimi nikisema naongeza chumvi."

Lukasi akaweka ungo chini. Akapangusa viganja kwenye suruali.

"Yule binti wa kizibao aliniuliza, mzee, mmiliki wa shamba ni nani? Wenzangu walikuwa wameshataja majina yao. Nikafungua mdomo nimtaje mama yako. Likatoka jina la Lukasi."

"Baba."

"Ngoja. Miaka arobaini na tatu, Cesi. Matuta yale nimeyapiga mimi. Ule mfereji nimeuchimba mimi, mwamba ule nilioupasua bado unanidai mgongo. Kwenye arusi naitwa mkwe. Kwenye msiba naitwa mkwe. Kikao cha ardhi kikikaa, natumwa nikawachotee maji ya kunywa. Yule mtoto wa watu akaniuliza kwa adabu, kalamu mkononi, ananitazama. Nilikuwa mmiliki kama dakika tatu hivi."

Gervas hakucheka, ingawa alikuja akiwa amejiandaa kucheka.

"Na dakika hizo tatu umetugawa," alisema polepole.

"Sikujua ni kuhama."

"Ungejua ungesema nini?"

Lukasi akauvuta ungo tena.

Gervas akamgeukia mpwa wake. "Hayo majina yanakwenda wapi?"

"Bungeni, kesho asubuhi."

"Basi sikiliza. Wakishasema Bungeni kwamba Lukasi ametoa shamba la dada yangu, Jumapili baada ya misa lukolo inakaa. Na ikikaa, baba yako anarudi kwao Matombo na godoro lake. Wewe unanijua. Simchukii huyu. Katika wakwe wote tuliopata huyu ndiye mwenye mikono, na ndiyo maana naumia. Lakini nikimwacha yeye, kesho kila mkwe anatoa shamba la mkewe kwa soda."

"Na nikilala na njaa huko Matombo?" Lukasi akauliza. "Waliokuwa wananijua kule wameshazikwa wote."

Cecilia akainuka. Akasimama mlangoni, akaanza kuhesabu hatua kuelekea mtoni. Kaburi la mama lilikuwa hatua thelathini na moja kutoka majini. Mlango wa nyumba, hatua arobaini na mbili. Vyote viwili ndani ya mita sitini. Yaani jibu lake likisomwa vile alivyoliandika, nyumba inavunjwa, kaburi linabaki peke yake porini, na mwenye kulipalilia kafukuzwa na ukoo wa mkewe.

Akarudi.

"Baba, shuka na mimi. Ukaseme mbele ya mkurugenzi kwamba wewe si mmiliki. Nitalifuta jibu nililoandika, nitaliandika upya."

Mzee akaokota ganda lililodondoka, akalitupia uani.

"Nishuke mjini nikaseme mimi si kitu? Hilo mbona linajulikana hapa hapa, bila nauli."

Kengele ya misheni ikalia saa sita. Wote watatu wakanyamaza. Gervas akavua kofia, Lukasi akasimama, Cecilia akapiga ishara ya msalaba. Wakasali: Malaika wa Bwana alimpasha Maria habari. Ugomvi ukasimama pembeni kupisha sala, na sala ilipokwisha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuokota.

Cecilia akaziacha karoti kwenye ungo. Akateremka peke yake.

Saa nane na robo alikuwa mezani kwake. Akafuta ile sentensi. Akaandika: "Mheshimiwa Spika, waliosaini si wamiliki wa maeneo hayo kwa mila za wenyeji. Wamiliki ni wanawake wa koo husika, na bado hawajaulizwa." Akachapa. Akaomba nguvu kwa Mungu aliyewahi kumpa nguvu siku mbaya kuliko hii. Akagonga mlango wa mkurugenzi.

Mansuri alisoma mara moja, akavua miwani.

"Hii ni nini?"

"Jibu la 212, mkurugenzi."

"Hili si jibu, dada yangu, haya ni maungamo. Mpelekee padri wako."

"Kikao kiliita wakuu wa kaya. Kule mkuu wa kaya si mwenye shamba."

"Mimi mtu wa kuja, hayo siyajui."

"Ndiyo maana nakwambia. Waziri akisema wamiliki wameridhia, mbunge anasimama na nyongeza moja tu. Atauliza, akina mama wa Kisagati wako ukurasa gani? Waziri hatakuwa na pa kujishika."

Mansuri akavaa miwani tena. Hakuwa mjinga. Alivuta orodha kutoka kwenye faili, akaitazama kwa jicho jipya. Cecilia akaona anaelewa, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua.

Alipumua mapema.

"Huyu namba kumi na nne si baba yako?"

"Ndiye."

"Shamba la nani kumbe?"

"La marehemu mama."

"Na mama akishafariki, linakuwa la nani?"

Miaka sita, nyongeza zote. Hii hakuwa ameiandaa.

"La kwangu," alisema. "Mimi ndiye binti pekee."

Mansuri akatabasamu kidogo, tena bila ubaya, kama mtu aliyepata ufunguo kwenye mfuko wa koti aliloacha kulivaa. Akafungua kalamu, akaielekeza kwake.

"Basi mmiliki tumempata. Tunakata jina la mzee, unasaini wewe. Mwenye ardhi halali, binti wa ukoo, ameridhia. Hao wengine tutasema zoezi la kuwafikia linaendelea. Mbunge atakaa chini. Na huu hapa mkataba wako, nao unataka saini. Utasaini mara mbili, gari linaondoka."

Cecilia akaitazama kalamu. Akaona mama zake wadogo, dada wa ukoo, wake wa wale thelathini. Akisaini yeye, ofisa mwenye suti, nani atawasikiliza wao wakikataa? Jina lake moja lingekuwa kigingi cha kuwafungia wote.

Mlango ukagongwa. Glory, katibu muhtasi, akachungulia.

"Samahani, mkurugenzi. Kuna mzee hapa nje. Nimemuuliza yeye nani, anasema mmiliki."

Lukasi akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameshuka mlima wote kwa miguu.

"Shikamoo, mzee," Mansuri akainuka. "Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimekuja kuliona jina langu."

Mansuri akaigeuza orodha. Mzee akainama, kidole kikateremka mpaka kumi na nne, kikasimama.

"Limeandikwa vizuri," alisema.

"Lakini mzee, binti yako hapa ananiambia wewe si mmiliki."

Cecilia alitamani sakafu imfiche. Lukasi hakugeuka kumtazama.

"Huyo hajui kusema uongo. Mama yake alimlea vizuri."

"Sasa tunataka tulikate, tuandike la kwake."

"Na mimi mtaniandika nini?"

Mansuri akapekua fomu. "Kuna nafasi ya mtumiaji."

"Mtumiaji." Mzee akalionja lile neno. "Kama wa choo cha stendi."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea tisa kasoro kumi. Nje, Baraka alikuwa ameshawasha gari.

"Cesi," baba yake akauliza, "unasaini?"

Hapo ndipo lile swali la Mama Mwanvita lilipomrudia. Mnayaamini? Cecilia akaichukua kalamu, akaifunga, akailaza juu ya mkataba wake.

"Sisaini, baba. Hiki wala hicho."

Mansuri hakupandisha sauti. Akalichukua jibu jipya, akaliweka kwenye droo. Akatoa la zamani, lile la wiki mbili zilizopita, akaligonga muhuri.

"Sawa. Basi linakwenda hili uliloandika mwanzo. Maneno ni yako, sijaongeza hata nukta. Na orodha inakwenda kama ilivyo, pamoja na mzee."

"Mkurugenzi, ukoo utamfukuza Jumapili. Ana miaka sabini na mbili."

"Naelewa. Inasikitisha. Lakini hilo mbunge hakuuliza."

Lukasi alikuwa bado ameinama juu ya orodha, kama mtu anayesoma kaburi.

"Mwanangu," alimwambia Mansuri, "karatasi hii iko moja tu?"

"Moja tu, mzee. Saini ya wino haina pacha."

"Na bila hii gari haliendi."

"Lingekwenda kufanya nini?" Mansuri akajibu, anatafuta bahasha. "Mheshimiwa anataka kuishika kwa mkono wake."

"Kwa mkono wake," mzee akarudia.

Akaiokota orodha. Akaikunja mara moja, akaikunja mara ya pili, taratibu, akilainisha mkunjo kwa ukucha. Akafungua koti, akaitia mfuko wa ndani, kule anakoweka rozari. Akafunga vifungo vyote vitatu.

"Mzee, hiyo ni mali ya serikali," Mansuri alisema, bahasha tupu mkononi.

Lukasi akavaa kofia.

"Baba, unakwenda wapi nayo?" Cecilia alisimama. "Unairudisha kwa mjomba, au unaitunza? Niambie."

Mzee akamtazama binti yake, uso ule ule wa kibarazani. Kisha akaufungua mlango, akatoka.

Cecilia akakimbilia dirishani. Pale chini Baraka alishuka haraka, akamfungulia mzee mlango wa gari, akidhani ndiye abiria wa Dodoma. Mzee akapita pembeni ya gari bila kuligusa. Kwenye geti, njia ya kwenda Bigwa na mlimani ilikuwa mkono wa kulia.

Lukasi Mloka akakunja kushoto, kuelekea Msamvu, kunakopandwa mabasi ya Dodoma, mkono mmoja umeshikilia kifua cha koti, wala hakugeuka. Mheshimiwa angeipokea orodha kwa mkono wa mzee mwenyewe; angemwambia nini, alijua yeye peke yake.